Tupeane uzoefu: mbolea ya ruzuku, kutoka kwa mtendaji hadi shimoni

Wakuu wa Nyanda za Juu Kusini, mvua haziko mbali. Tuelezane mbolea ya ruzuku inavyopatikana na watu wanakwama wapi. Jina juu ya kila mchango ni mahali anakotoka mchangiaji. Kwa wageni: Rais Samia aliuzindua mpango huu hapa Mbeya, Nane Nane ya 2022, viwanja vya John Mwakangale. UVIKO-19 na vita ya Ukraine vilikuwa vimepandisha mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, hadi kupita laki moja. Msimu ule wa kwanza DAP na urea zikauzwa 70,000. Hapewi mtu hela mkononi, unafuu uko kwenye bei.

Mbozi
Mwanzo ni daftari la wakulima kwa mtendaji wa kijiji. Nenda na kitambulisho na namba ya simu, taja mazao na ukubwa wa shamba, na usiondoke kabla hajakusomea alichoandika. Mgao wa mifuko unafuata eneo, na hapo ndipo heka na hekta zinapowaumiza watu. Heka 5 ni hekta 2. Ikiandikwa 2 mahali pa heka, mbolea ya heka 3 imekwenda, na utaligundua hilo dukani wakati wenzako wameshapanda.

Jambo la pili ni laini. Namba ya ruzuku inakuja kwa ujumbe wa simu. Ukiandikisha laini ya kijana wako aliyeko Dar, ujumbe unakwenda Dar. Wazee wengi wanakwama hapa tu, tuwasaidie. Ukipata namba, inakili kwenye karatasi. Na uliyeandikishwa zamani, kahakiki tena kila msimu: umeongeza shamba? umebadili laini?

Mufindi
Kwa wakala anayeuza mbolea: anaingiza namba yako, anaskani msimbo ulio kwenye mfuko, mgao wako unapungua. Simama hapo uhesabu, mifuko iliyokatwa iwe sawa na unayobeba. Mtandao ukikatika wakala hatatoa mfuko kwa bei ya ruzuku, kwa sababu fedha iliyobaki analipwa na serikali kwa kumbukumbu hizo za mfumo. Tusigombane naye. Ila usimwachie namba yako eti mtandao ukirudi atakutunzia. Mgao unaweza kukatwa wewe ukiwa nyumbani. Vijiji vya mbali, ulizeni kwanza kama mzigo upo, ndipo mkodi gari kwa pamoja.

Uyole
Mbolea hii ikitumika vibaya ni hasara ileile. Mahindi kwa sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, yanatoa karibu mashimo 8,900 kwa heka. Mfuko mmoja wa DAP ukigawanywa humo ni gramu 5 na kidogo, yaani kizibo kimoja cha soda kwa shimo. Tia DAP, funika na udongo, ndipo mbegu. Mbegu ikikaa juu ya DAP inaungua, halafu lawama anabeba muuza mbegu.

Urea ni ya kukuzia, mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu. Ifukie. Ukiimwaga juu na jua likiwaka, naitrojeni inapaa hewani.

Makete
Huku udongo wenye tindikali ni mwingi. SA, mbolea nyingine ya kukuzia, inavutia kwa bei, lakini inaongeza tindikali, na naitrojeni yake ni asilimia 21 tu dhidi ya 46 ya urea. Gawanya bei kwa kilo za naitrojeni kabla ya kuiita rahisi. Wenye udongo wa namna hii wakuzie kwa mbolea ya CAN, na wamwombe bwana shamba awapimie udongo kabla ya kuweka chokaa.

Mbozi
Naongeza la stoo. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Urea ikivuta unyevu inashikana mabonge, na bonge halipimiki kwa kizibo.