Nimepata Impreza WRX ya 2004 Arusha: ninunue na kuiongezea nguvu, au niiache?

Mkazi wa Tegeta

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na magari ya turbo ya zamani. Nimeona Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, manyueli ya gia 5, injini EJ205 ya cc 1,994, ambayo ikitoka kiwandani Japani ilikuwa na nguvu farasi 250. Gari liko Arusha na mwenyewe anataka shilingi milioni 13, nami nina milioni 18 kwa jumla. Milioni 5 zitakazobaki nimezipangia kichujio cha hewa cha koni, ekzosi pana, valvu ile ya turbo inayopumua nje kwa kishindo mtu anapobadili gia, na mwisho kuandikiwa upya programu ya kontroli boksi, kompyuta inayoongoza injini. Rangi ni safi na ndani hakujachakaa. Je, mpangilio huu wa fedha uko sawa?

Fundi Mstaafu

Mdogo wangu, umetueleza rangi na viti, lakini hujasema lolote kuhusu mgandamizo wa silinda, yaani kila silinda inavyobana hewa. Kabla hujatoa hata shilingi, tafuta fundi mwenye kipimo chake, injini ipashwe moto, mafuta yakatwe, plagi zote zitolewe, na kila silinda ipimwe huku pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi chini. Kwa kuwa silinda za Subaru zimelala, plagi ziko ubavuni, na kuzifikia za kushoto ni lazima betri itolewe. Ndiyo maana mafundi wengi wavivu watakwambia wamesikiliza mlio na injini ni nzima. Usikubali. Itazame zaidi silinda namba 4, ile ya nyuma upande wa abiria, kwa sababu wamiliki wengi wa injini hizi wamekutana na pistoni iliyopasuka mahali panaposhika ringi, na mara nyingi ni hiyo. Tofauti kati ya silinda na silinda ina maana kubwa kuliko tarakimu yenyewe.

Uliza pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa, na utakapoubadilisha ubadilishe pamoja na tensha (kifaa cha kuukaza), roli zake na pampu ya maji, kwani mkanda huo ukikatika valvu hugongana na pistoni.

Dereva wa Kitonga

Naunga mkono, ila mimi nataka kugusa orodha ya vifaa, kwa sababu niliwahi kununua hivyo hivyo kwa mpangilio huo huo na nikajuta.

Gari hili linapima hewa inayoingia kwa sensa iliyo kwenye njia ya hewa, mara tu baada ya kichujio, na kontroli boksi hutoa mafuta kulingana na kipimo hicho. Ukifunga koni yenye bomba la kipenyo kikubwa zaidi, sensa inasoma hewa pungufu kuliko inayoingia kweli, mafuta yanakuwa machache, na injini ya turbo yenye mafuta machache huanza kugonga ndani kwa ndani bila wewe kusikia chochote kwa sababu ekzosi yako inapiga kelele. Hiyo valvu ya kishindo nayo ina kasoro inayofanana, ila kinyume chake: hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatupwa nje, mafuta yake yanabaki, gari linatoa moshi mweusi na wakati mwingine linazima ukifika kwenye taa. Valvu ya kiwandani huirudisha hewa hiyo ndani. Haina mlio wa kujivunia, lakini iache hapo ilipo.

Jambo la pili ni mahali. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 85 dhidi ya 101 za Dar es Salaam. Programu iliyopimwa kule haifai kuletwa huku bila kupimwa tena, hasa kwa vile intakula ya WRX (kipozeo cha hewa itokayo kwenye turbo) imekaa juu ya injini na kwenye foleni ya Morogoro Road inageuka kuwa jiko. Na kumbuka kwamba Wajapani waliitengeneza injini hii kwa petroli yao ya okteni (uwezo wa kuhimili mgandamizo bila kugonga) karibu 100, iliyo juu kuliko yetu, kwa hiyo hata bila kuongeza chochote wewe tayari unaitumia karibu na ukingo wake.

Bi Gerezani

Kwa kifupi: linganisha namba ya injini na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Subaru nyingi zimebadilishwa injini kimya kimya, na usumbufu wa kurekebisha kadi TRA utakuwa wako. Giaboksi ya gia 5 nayo haipendi kuondoka kwa fujo.

Mkazi wa Tegeta

Nashukuru sana, wakuu. Je, hiyo milioni 5 ningeigawanyaje?

Fundi Mstaafu

Mkanda na vyote vinavyoambatana nao, oili na kichujio chake, plagi, mipira yote ya vakyumu, breki na matairi mazuri. Fungua pia bolti za njia ya oili iendayo kwenye turbo, kwani baadhi ya injini hizi zina kichungi kidogo cha wavu ndani yake ambacho huziba na kuiua turbo kwa kiu. Badilisha oili kila kilomita 5,000 bila kuomba msamaha. Ikibaki fedha, tuzungumze ekzosi.

Mkazi wa Tegeta

Narudisha mrejesho. Nilipanda basi hadi Arusha na fundi akapima mgandamizo kwa psi: silinda ya kwanza 150, ya pili 148, ya tatu 152, ya nne 95. Mwenye gari alisema kipimo ni kibovu, fundi akarudia, ikasoma 95 tena. Ameshusha bei hadi milioni 10, lakini nimekataa. Jumamosi naenda kuona nyingine Moshi, na nimemwomba fundi aje na spana ya kutolea betri.