Nataka kuvalisha gita la umeme kanga, nianzie wapi?

Binti_Makorora
Wakuu habari za jioni. Nina gita la umeme, kopi ya Kichina ya Stratocaster ile ya kampuni ya Fender, nyeusi, mikwaruzo kibao ila linapiga vizuri tu na shingo imenyooka. Nimechoka na huo weusi. Kuna kanga nimeipata pale Ngamiani, nyekundu na nyeupe, jina lake Mdhaniaye ndiye siye, nimeipenda mpaka basi, sasa nataka niibandike mbele ya bodi halafu nipulize klia, yaani vanishi isiyo na rangi, juu ing'ae, ubavuni na nyuma nipige rangi nyekundu. Sina kompresa, nina uwani tu na kuta tatu na kamba ya kuanikia. Je lazima nikwangue rangi yote ya zamani mpaka nione mti? Na hii hewa yetu ya Tanga yenye chumvi na unyevu haitaniharibia kazi? Wajuzi nisaidieni, na wale wa kunicheka karibuni pia.

Fundi_Mikanjuni
Dada angu karibu. Mie kazi yangu ni rangi za magari lakini bodi ni bodi. Kwanza usikwangue mpaka mti, utajitesa bure. Hayo magita ya bei nafuu mengi yana polyesta nene, rangi ngumu kama plastiki, dawa ya kutoa rangi inateleza tu juu yake, na ukisema uichome kwa moto ule moshi wake si wa kuvuta. Kama haijapasuka wala kubanduka hiyo ndiyo praima yako, rangi ya msingi, tayari ushapewa. Osha kwa sabuni ya vyombo mafuta ya mikono yatoke, kausha, halafu msasa wa maji namba 320 kisha 400 mpaka mng'ao wote ufe, ukitazama kwa ubavu juani pasibaki hata doa linalometa maana hapo ndipo rangi mpya itakapokuja kubanduka. Palipochimbika jaza puti ya gari, sugua, basi.

Pili, na hili shika sana, chagua ukoo mmoja wa rangi uende nao mwanzo mwisho. Watu wanapiga rangi ya mafuta chini kwa sababu ni rahisi halafu juu wanaweka ile ya thina kali, inakunjamana yote unaanza upya. Nunua makopo ya kupuliza, praima, rangi na klia, ya aina moja, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha ubao. Na hicho kipande kibandike na kitambaa cha hiyo kanga kabisa, maana kuna kanga zinatoa rangi zikikutana na thina, nyekundu ndo usiseme.

mkung'utaji_nyuzi
Kanga kwenye gita 😂😂 si ulivae tu shingoni. Halafu kitambaa na klia nene vinaua sauti, gita halipumui tena.

Mzee_wa_Kaole
Kijana wa juu hapo, gita la umeme halipumui, pikapu, kile kinasa sauti chini ya nyuzi, inasoma waya unavyotikisika juu ya sumaku. Klia haiwezi kuliharibia sauti. Tena hiki anachotaka huyu binti si kioja hata kidogo, Fender wenyewe mwaka 1968 walitoa Telecaster, gita lao jingine, zimebandikwa karatasi ya ukutani yenye maua, juu wakapiga klia. Na zile rangi zao za miaka ya hamsini na sitini zilikuwa rangi za magari ya Marekani, za kampuni ya DuPont. Eddie Van Halen, yule mpiga gita la roki wa Marekani, naye lile gita lake la mistari alitumia tepu na rangi ya baiskeli. Kwa hiyo binti usitishike.

Ila mimi niko Bagamoyo napiga gita siku nyingi, nina swali moja: umeiwaza ile plastiki nyeupe ya mbele? Kwenye Stratocaster ile inafunika karibu uso wote. Utabandika kanga yako safi, ukirudisha plastiki inabaki kipande cha juu na pindo la chini, jina lote limefichwa. Telecaster ingekuwa afadhali. Dawa yake ni uichukue hiyo plastiki kama kielelezo uwapelekee mafundi wa vibao vya matangazo wakuchongee nyingine ya plastiki ngumu ya wazi, matundu yaleyale. Kanga inaonekana yote chini yake. Nyaya za ndani zitaonekana kidogo, mimi naona ndio raha.

Binti_Makorora
Shikamoo mzee wangu, hilo la plastiki halikunipitia kichwani kabisaa. Kesho naenda kwa wale wa vibao. Na kubandika kwenyewe je? Na hali ya hewa hamjanijibu.

Fundi_Mikanjuni
Hewa: puliza kuanzia saa nne asubuhi umande ushaisha mpaka saa tisa hivi, siku kavu. Mvua ikinukia acha. Ile rangi ya selulosi, ya thina kali, ukiipuliza kwenye unyevu inageuka nyeupe kama maziwa, hapo thina imekauka haraka imepoza uso na maji ya hewani yamegeuka matone juu yake. Na upepo wa baharini ukizidi utajikuta unapaka rangi ukuta wa jirani. Mwaga maji chini uwani kabla ya kuanza, vumbi litulie.

Fungua kila kitu kwanza, piga picha nyaya zilivyokaa, hasa ule waya wa athi (wa ardhi) unaokwenda kwenye springi kule nyuma, ukiusahau gita litavuma. Kwenye tundu la shingo jifunge ubao mrefu kwa skrubu zilezile, ndio mpini wako wa kushikia na kutundikia, na pale ndani ya tundu usiweke rangi wala kitambaa, shingo haitaingia tena.

Kanga fua kwanza itoke ile dawa ya kiwandani, piga pasi. Uso wa mbele upake rangi nyeupe, maana kanga ni nyepesi na weusi wa chini utaonekana tu. Gundi nyeupe ya mbao, iongezee maji kidogo, paka, laza kanga kuanzia katikati ukisukuma upepo nje kwa kadi ya simu ya zamani. Jina liende sambamba na shingo, si kwenda juu, ndio lisomeke ukilivaa. Ikikauka kabisa kata ukingo kwa wembe mpya, uubadilishe kila ukianza kuchoma nyuzi. Kisha klia nyembamba nyembamba, za mwanzo zitasimamisha manyoya ya kitambaa, sugua kidogo kwa 400 ukiogopa kingo, endelea mpaka usihisi mshono wa nguo chini ya kidole.

Mzee_wa_Kaole
Ule mstari wa ukingo, puliza rangi nyekundu ikiingia kidogo juu ya kanga pembeni, haitajulikana ilikatwa wapi.

Fundi_Mikanjuni
Hapo mzee kamaliza. Ila binti klia ya 2K, ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, niachie mimi gereji. Ni ngumu na inang'aa kweli lakini ina isosayaneti, kemikali ya sumu kuivuta, barakoa ya kitambaa haizuii chochote, inataka ile ya vichungi. Hii ya kopo ya kawaida puliza uwani, jiko la mkaa likiwa mbali, na uiache wiki kadhaa kabla ya kung'arisha kwa msasa wa 1000 na 2000. Nusa. Ikinuka thina bado.

mkung'utaji_nyuzi
Haya nimenyamaza. Ukimaliza weka picha, na kama hiyo kanga ni doti, kipande cha pili nauliza bei.