Picha ya "Port Florence, Uganda" imeganda kwenye albamu: inatokaje, na ni ya lini?

Swali
Wakubwa, habari. Familia moja ya wenye viwanda hapa Jinja ina albamu ya miaka ya 1970, ile ya kurasa zenye gundi na nailoni juu. Ndani kuna picha ya kahawia: mahema na reli kando ya ziwa, chini kwa wino "Port Florence, Uganda". Nailoni imegeuka njano. Wanataka picha iwekwe fremu sebuleni. Naitoaje? Na Port Florence si ndiyo Kisumu?

Jibu 1
Usiguse kitu kabla ya kuskani ukurasa mzima: rangi, nukta 600 kwa inchi, faili ya TIFF. Ikichanika, angalau unayo hiyo.

Kisha funua nailoni polepole, ukiilaza nyuma, usiivute juu. Chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe chini ya pembe iliyolegea, uende kama unakata kwa msumeno, uzi ukibana ukurasa na si picha. Ukikwama, anza upande mwingine. Ikigoma kabisa, kata ukurasa kuizunguka uihifadhi nao. Maji hapana: tabaka la picha huvimba na kunata. Kukunja picha ndiko kunakoleta nyufa.

Jibu 2
Ndiyo, Kisumu. Reli ilifika pale Desemba 1901, na Aprili 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda likahamishiwa himaya ya jirani, Kenya ya leo. Kwa hiyo maneno hayo yanaingia kwenye miezi michache tu. Ila usiyaamini peke yake! Reli yenyewe iliendelea kuitwa Uganda Railway miaka mingi baadaye, na mtu anaweza kuandika jina la zamani kwa mazoea.

Karatasi ndiyo shahidi. Tumia lenzi ya mara 10. Ukiona nyuzi za karatasi kupitia picha, weupe umekuwa njano na kuna nyufa nyembamba, hiyo imechapwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai, umri unakubalika. Nyuzi zisipoonekana na kingo zenye giza zikang'aa kama fedha, imechapwa kwenye karatasi iliyopakwa jelatini, aina ya gundi ya wanyama. Inaweza kuwa ya wakati uleule au nakala iliyopigwa baadaye. Nakala hujulikana hivi: mikwaruzo unaiona, lakini ukipapasa ni laini.

Jibu 3
Sebuleni watundike nakala. Mwanga ukishafifisha, hakuna kurudisha.

Halisi iende kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, ilale ndani ya boksi, kabatini, mbali na ukuta wa nje. Unyevu ukae asilimia 30 hadi 50, na karibu na ziwa hilo si jambo dogo, hasa msimu wa mvua. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, picha ikanata humo. Maelezo andika nyuma kwa penseli laini, pembeni.

Muuliza swali
Asanteni. Uzi wa meno wenye nta au usio na nta?

Jibu 1
Usio na nta wala ladha ya mnanaa. Nta hubaki mgongoni mwa picha.