Koti la mvua limechanika kiwikoni, jaketi la manyoya linavuja: kushona au kubandika?

Mgumu_Machame
Wakuu, habari. Kuna nguo mbili za mlimani hapa, zote za mtumba, zinatakiwa zirudi Kilimanjaro. Koti la mvua la tabaka tatu limechanika kiwikoni kama herufi L, sentimita 4 kwa 3. Jaketi la manyoya ya bata limerukiwa na cheche, tundu kama punje ya maharage, manyoya yanatoka. Fundi cherehani anasema atashona yote mawili. Nyumbani nina uzi wa pamba, supaglu na pasi. Vinatosha?

Sindano80
Mkuu, jaketi la manyoya usilipeleke kwenye cherehani. Kila sindano inapopita inaacha tundu, na manyoya laini yatatokea hapo hapo. Hilo ni la kubandika.

Unyoya unaochungulia usiuvute nje, maana unakuja na wenzake na tundu linapanuka. Ushike kwa upande wa pili wa kitambaa, uurudishe ndani. Cheche huacha kingo ngumu za nailoni iliyoyeyuka. Punguza kwa mkasi mdogo tu zile punje, ili kiraka kilale sawa.

Safisha kwa spiriti. Angalia hapa: spiriti nyingine za kusafishia vidonda zimetiwa mafuta ya nyonyo, na gundi haishiki penye mafuta. Dondosha tone kwenye kioo, likauke. Likiacha alama ya utelezi, tafuta nyingine.

Kiraka kiwe tepu ya nailoni ya kutengenezea mahema, kama Tenacious Tape. Kata duara linalozidi tundu kwa sentimita 1 hadi 1.5 kila upande. Pembe kali ndizo huanza kubanduka. Weka kitu kigumu chini, sugua kwa mgongo wa kijiko, kisha usilifue kwa saa 24.

Mama Uzi
Nakubaliana kuhusu manyoya. Lakini kiwiko kinakunjwa kutwa nzima, tepu peke yake upande mmoja itainuka. Hapo mimi ningeshona kwanza, halafu nizibe.

Uzi wa pamba weka pembeni, kijana wangu: unanyonya maji na kuoza. Tumia poliesta, sindano nambari 11 au 12. Mafundi wengi wana nambari 16 ya jinzi kwenye mashine, na hiyo inatoboa matundu makubwa mno. Kingo zigusane tu, zisipandane, ushone zigizaga ukianzia kwenye pembe ya L, kwa sababu ndipo mchaniko unapoendelea. Hatua, yaani umbali kati ya tundu moja la sindano na jingine, iwe milimita 2.5 hadi 3. Ukishona kwa hatua ya milimita 1, kitambaa kinakuwa kama karatasi ya stempu, kinachanika kwa kufuata mshono.

Kisha geuza ndani, paka safu nyembamba ya gundi ya poliyurethani (ile ya kuzibia mishono ya mahema) juu ya mshono, ipite sentimita nusu kila upande. Iache usiku kucha. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewani, kwa hiyo usiianike juani ukidhani unaiharakisha. Nje malizia na kiraka cha tepu.

Supaglu hapana kabisa. Ikikauka inakuwa ngumu, inapasuka kwenye mkunjo na ukingo wake unakata kitambaa. Tena ikimwagika kwenye pamba hutoa joto la kuunguza ngozi.

Mgumu_Machame
Asanteni sana, Mama na mkuu. Tepu ikikosekana, kipande cha hema bovu kinafaa? Na pasi je?

Sindano80
Kinafaa, kwa gundi hiyo hiyo ya poliyurethani, endapo hema halikupakwa silikoni. Jaribu kubandika solotepu ya kawaida upande wa ndani: ikiteleza na kutoka bila kushika, ni silikoni, na hiyo hushikwa na gundi ya silikoni tu.

Pasi usiiguse kwenye kiraka. Nailoni hulainika na kung'aa hata kabla ya kuyeyuka, na alama hiyo haitoki. Mrija wa gundi ukishafunguliwa, ufunge vizuri uuweke kwenye friza, la sivyo gundi yote itakauka humo.