Naombeni ushauri: hoteli ya kifahari visiwani kwa ajili ya wazazi, mama ana shida ya magoti

Kifunguamimba

Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie mawazo maana wiki ya tatu hii nazunguka mtandaoni mpaka macho yanauma. Mwezi wa nane wazazi wetu wanatimiza miaka 40 ya ndoa, sisi watoto tuko wanne na tumechanga kidogo kidogo tangu mwaka juzi ili tuwapeleke mahali wakapumzike siku saba, kisiwani, bahari ya joto, hoteli ya nyota tano ya kweli sio ya jina. Hawajawahi kwenda mapumziko hata siku moja maisha yao yote, kila hela iliyopatikana iliishia kwenye ada zetu, kwa hiyo safari hii nataka ikae sawa, sitaki wafike kule waanze kuvumilia tena.

Shida ni kwamba mama magoti yanamsumbua, ngazi kumi tu lazima apumzike katikati, na baba yeye anapenda maji kweli kweli, asubuhi isipite hajaingia baharini. Nimebakiwa na tatu. Ya kwanza ni zile vila za juu ya maji Maldivi, picha zake jamani, unaamka unaona samaki chini ya sakafu. Ya pili iko mlimani Shelisheli, kila vila ina kibwawa chake na bahari yote unaiona pale ulipokaa. Ya tatu iko Morisi ufukweni, kubwa, picha za kawaida tu, nimeiacha kwenye orodha kwa sababu rivyu zake ni nzuri. Moyo wangu uko kwenye ya kwanza, wadogo zangu wanasema ya pili. Mlioenda au mnaozijua hizi kazi, mnachaguaje?

Mapokezi11

Hongera sana wewe na wadogo zako, Mungu awazidishie. Nimekaa mapokezi kwenye hoteli za ufukweni miaka 11 kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Nyota kwanza ziweke pembeni. Hakuna chombo kimoja cha dunia nzima kinachogawa nyota, kila nchi ina utaratibu wake na tovuti za bukingi nazo zina wa kwao, na mara nyingi wanahesabu vitu, lifti ipo, chumba kina ukubwa gani, mapokezi yako wazi saa 24, hakuna anayehesabu kama mama yako atafika mezani bila kuumia. Na ukiona hoteli imeandikwa nyota saba ujue ni maneno ya matangazo.

Kwa mtu mwenye magoti mimi nisingeangalia kitanda wala kibwawa, ningeangalia njia. Kutoka mlango wa chumba mpaka kwenye chakula ni hatua ngapi, ngazi ngapi, maana njia hiyo ataipita mara sita kwa siku. Vila za mlimani zinapendeza kwa sababu zimepangwa moja juu ya nyingine kila moja ione bahari, na hiyo maana yake ni ngazi. Utaambiwa kuna vigari vya umeme, ni kweli vipo, ila kigari kinamshusha barabarani, kutoka barabarani mpaka mlangoni kuna ngazi zake, na saa ya chai ya asubuhi kila mtu anapiga simu kuita kigari wakati mmoja. Nimewaona wazee wengi, siku ya kwanza wanashuka pamoja wameshikana mikono, siku ya tatu mama anaagiza chakula chumbani, siku ya tano mzee anakula peke yake anaangalia bahari. Inauma kuiona.

Waandikie barua pepe hoteli wenyewe, sio tovuti uliyoikuta bei. Na hapa ndo watu wengi wanapokosea, ukijaza kwenye bukingi kwamba mnaomba chumba cha chini karibu na mgahawa, hilo ni ombi tu, halijawa ahadi. Vyumba tunavigawa usiku wa kuamkia siku ya mgeni au asubuhi yake, na tunaanza na wale walioahidiwa kwa maandishi. Kwa hiyo usitulie mpaka wakujibu kwamba wamethibitisha, na jina la aliyejibu liwepo, mzee aibebe hiyo karatasi. Zikibaki siku tatu piga simu ukumbushe.

Uliza pia kuhusu bafu. Yale mabeseni marefu ya kujilaza yanayopendeza kwenye picha, kuingia ni kunyanyua mguu juu ya ukingo wenye maji na sabuni. Taka bafu la kusimama lisilo na kizingiti, lenye kishikio ukutani.

Bamvua

Mapokezi11 amemaliza habari za mama, mimi niongezee za baba.

Tulishawahi kulipia vila ya mstari wa mbele kabisa wa bahari, sitaitaja hoteli. Tumefika saa kumi jioni maji yamejaa mpaka kwenye ngazi za baraza, watoto wameruka humo humo na nguo. Kesho yake asubuhi nafungua mlango, taulo liko begani, bahari haipo. Kuna mchanga wenye tope, mwani umelala kama nywele zilizolowa, kaa wadogo wanakimbilia mashimo yao, na maji yenyewe yako kule mbali kama uzi mweupe kwenye mwamba. Nilitembea na ndara mpaka zikaanza kunaswa kwenye tope nikarudi. Usiku wake mwezi ulikuwa mpevu, yaani tuliingia siku za bamvua zenyewe, mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndo maji yanajaa sana na kupwa sana. Tulikaa siku nne na asubuhi zote zikawa hivyo.

Kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku yanasogea kwa karibu dakika 50, kwa hiyo ufukwe ukiwa wa maji mafupi baba atapata kuogelea siku nyingine saa nane mchana wakati yeye alitaka alfajiri. Majedwali ya maji kujaa na kupwa yapo mtandaoni bure, weka tarehe zenu uangalie. Na sio kila bahari inakimbia hivyo, Morisi tofauti ya kujaa na kupwa haifiki mita moja na kisiwa karibu chote kimezungukwa na matumbawe, ndani ya mwamba maji yametulia muda mwingi. Hiyo hoteli unayosema picha zake za kawaida mimi ningeiangalia mara mbili.

Kuhusu Maldivi, nimeenda na nimeipenda sana ila kwa mama mwenye magoti fikirini vizuri. Risoti nyingi kila moja iko kwenye kisiwa chake, unafika kwa boti ya kasi au kwa ndege ndogo inayotua majini. Boti inayumba gatini wakati wa kupanda na kushuka, ndege nayo unaipanda kwa kingazi chembamba. Ndege hizo zinaruka mchana tu kwa sababu rubani lazima aone maji, mkitua jioni mnalala karibu na uwanja wa ndege mpaka kesho huku usiku wa kwanza wa vila mmeshaulipia. Na kutoka vila ya juu ya maji kuingia baharini ni ngazi iliyosimama wima. Baba atashuka, mama atabaki juu anamwangalia.

Joshini

Mbona mnajadili hoteli hamjajadili mwezi? Mwezi wa nane ni kusi. Upepo unatoka kusini mashariki wiki nzima haupumziki, hoteli ikiwa joshini, yaani upande unaopigwa na upepo, hata iwe ya kifahari vipi mtakula mchanga na bahari itachafuka. Demani, upande wa pili wa kisiwa hicho hicho, maji yamelala kabisa. Morisi mashariki inapigwa sana miezi hiyo, magharibi na kaskazini magharibi kunakingwa. Shelisheli kisiwa cha Mahé vilevile, Beau Vallon iliyoko kaskazini magharibi inatulia wakati wa kusi. Maldivi mwezi huo wako kwenye msimu wao wa mvua, sio kwamba inanyesha kila siku, ila mtu analipa hela yote hiyo anaweza kukaa siku tatu anaangalia mawingu. Karibi msichague kabisa, vimbunga ni kuanzia 1 Juni mpaka 30 Novemba na vinakolea kuanzia katikati ya Agosti. Vya Morisi vinakuja Novemba mpaka Aprili hivi, hapo mko salama.

Nikupe mfano mwingine ujue jambo hili lilivyo, Thailand ni nchi moja lakini Phuket mvua yake ni Mei mpaka Oktoba, Koh Samui mvua nyingi ni Oktoba mpaka Desemba. Mtu anauliza hali ya hewa ya Thailand anajibiwa nzuri, anafika kisiwa kisicho chake.

Ila kwa Morisi nikwambie ukweli, Agosti ni miezi yao ya baridi, maji ni kama nyuzi 23, baba ataogelea lakini mwambie abebe sweta la jioni. Uliza hoteli kama bwawa lao linapashwa moto.

Mama Pacha

Niko kwenye bei tu. Usilinganishe ile namba kubwa ya kwanza. Hoteli nyingi kodi, asilimia ya huduma na usafiri wa kutoka uwanja wa ndege viko pembeni, na kwenye visiwa usafiri huo unaweza kuwa hela nzito sana. Waambie wote watatu wakupe jumla ya watu wawili siku saba mpaka mlangoni mwa chumba. Angalia chakula pia, hafubodi ni asubuhi na jioni, fulubodi inaongeza mchana lakini vinywaji mara nyingi havimo, na wakiwa kwenye kisiwa cha hoteli moja hakuna pa kutoka kwenda kula kwingine. Na kwa wazee tafadhali chukueni bei inayoruhusu kuahirisha, ile ya kutorudishiwa hela inavutia lakini mtu wa umri huo akiugua wiki moja kabla mnapoteza vyote.

Halafu mdogo wangu, umemuuliza mama mwenyewe anataka nini?

Kifunguamimba

Jamani sijui niwashukuruje. Mama Pacha swali lako lilininyima usingizi, maana ilikuwa siri na hatujauliza mtu. Jana nikamchokoza mama kijanja, nikamwambia nimeona picha za hoteli, ungeenda wewe ungetaka nini. Akafikiri kidogo akasema, mimi nikae tu mahali namwona baba yenu akiogelea, asiende mbali nisimwone. Nikatoka nje kwanza.

Basi nimewaandikia wale wa Morisi, wako upande wa magharibi, nimewauliza kila kitu mlichosema. Wamejibu leo: chumba cha chini, hatua kama 60 mpaka mgahawani njia tambarare, bafu halina kizingiti, bwawa moja linapashwa moto, na kutoka barazani unaiona bahari bila mti kuziba. Kuna ngazi moja tu ya kushukia mchangani, wamesema wataweka ubao wa mteremko na wamethibitisha kwa maandishi. Wadogo zangu wamekubali. Tumechukua ile bei ya kuweza kuahirisha.

Mapokezi11

Safi sana. Waandikie tena kitu kimoja, waweke barazani kiti cha kukalia juu chenye mikono. Vile viti vya ufukweni viko chini mno, atakaa vizuri lakini magoti hayatamwinua, na baba atakuwa majini.