Naomba ushauri: pembe za mishale ya saa zinamchanganya binti yangu

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mzazi ninayeishi Nyalenda, Kisumu, na naomba ushauri wa walimu wa hisabati na wazazi waliowahi kupitia jambo hili. Kanuni yenyewe binti yangu ameishika: mshale wa dakika huzunguka digrii 360 kwa saa moja, yaani digrii 6 kila dakika, na ule wa saa huzunguka digrii 30, yaani nusu digrii kila dakika. Akiulizwa mshale wa saa huzunguka digrii ngapi tangu saa mbili hadi saa tano, hujibu 90 bila kusita.

Tatizo huja anapotafuta pembe iliyo kati ya mishale miwili. Jana alipewa saa tisa na dakika ishirini alasiri, akaanzia kwenye 9 na kupata digrii 160, ilhali katika saa yetu ya ukutani mshale mfupi ulikuwa umepita 3 kidogo na mrefu uko kwenye 4. Jibu ni 20, kwa kuwa ukihesabu kutoka 12, mshale mrefu uko kwenye digrii 120 na mfupi kwenye 100, na 120 ukitoa 100 zinabaki 20. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka, na iliniuma sana kumwona hivyo.

Je, nimfundishe kwanza kuongeza au kupunguza sita, au nimzoeze kuchora mishale kabla ya kukokotoa chochote? Nimefikiria pia kumtengenezea saa ya kadibodi, lakini humo mshale mfupi hausogei wenyewe mrefu unapozungushwa, nami nahofia atasahau zile digrii 10 za dakika ishirini.