Blokicheni na kobalti ya betri za sola
Swali: Ndugu zangu, baadhi ya betri tunazofunga kwenye mitambo ya sola zina kobalti, madini ambayo sehemu kubwa huchimbwa Kongo. Je, blokicheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, inaweza kuthibitisha kwamba kobalti hiyo haikuchimbwa na watoto?

Jibu: Ndugu, daftari hilo huzuia kumbukumbu isibadilishwe, lakini halijui kama kilichoandikwa ni kweli. Gunia la kobalti kutoka Kolwezi, mji wa migodi huko Kongo, likichanganywa na jingine kabla ya kubandikwa lebo, uongo huo utahifadhiwa salama hadi kiwandani.

Jibu: Nakubaliana nawe, ila tusiitupe blokicheni. Kampuni ya magari ya Volvo ilitangaza mwaka 2019 kwamba itaitumia kufuatilia kobalti, na kuanzia Februari 2027 Umoja wa Ulaya utadai pasipoti ya kidijitali, yaani rekodi ya kielektroniki ya taarifa za betri, kwa betri za magari ya umeme. Muhimu mkaguzi awepo mgodini gunia linapofungwa.